Kinga ya Nini? Vifaa na Aina za Madhara katika Michezo ya Mtandaoni

Jioni moja hapa Likasi mdogo wangu alifukuzwa kwenye timu kwa sababu ya kitenzi kimoja na swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza. Swali hilo lilikuwa langu kuuliza. Mimi ndiye yaya yake, tena ndiye mwanafunzi wa lugha nyumbani, na ndiye niliyempa ushauri uliompoteza.

Mchezo wenyewe ni Mobile Legends: Bang Bang, uliotolewa na kampuni ya Moonton ya China mwaka 2016. Watu watano hupambana na watu watano. Kila mmoja huongoza shujaa wake, hukusanya dhahabu, na kwa dhahabu hiyo hununua vifaa: silaha, kinga, viatu. Nafasi za vifaa ni sita tu, kwa hiyo kila ununuzi ni uamuzi.

Timu yetu ilikuwa mdogo wangu, mimi, vijana wawili wa Kikula, na utingo mmoja wa Kitanzania ambaye lori lao lilikuwa likisubiri mzigo wa shaba wa kupeleka Dar es Salaam. Tulikuwa tumechanga pesa za mega, yaani kifurushi cha intaneti, na kwetu pesa hizo si kidogo. Mdogo wangu alicheza na Tigreal, shujaa wa kutangulia mbele na kupokea mapigo kwa niaba ya wenzake. Upande wa pili walikuwa na Eudora, anayepiga kwa radi, na Karrie, anayerusha silaha zake kutoka mbali.

Eudora alimuua Tigreal mapema. Mimi nikapaza sauti: "Nunua kinga!" Dakika chache baadaye mdogo wangu akajibu kwa Kiswahili cha kwetu: "Nilisha kuuza, yaya! Nilisha kuuza Athena!"

Utingo akashtuka. "Umeuza? Umeuza kinga katikati ya vita?" Akarudi nyuma, akiamini kwamba mtu wa mbele hana kitu mwilini. Mdogo wangu akaingia peke yake, akafa, akarudi, akafa tena. Tulishindwa. Vijana wa Kikula walisema mtu mwenye kinga anayekufa kama karatasi hajui kucheza. Utingo alisema mtu anayeuza vifaa vyake anaharibu mchezo makusudi. Kesho yake timu ilitafuta mtu mwingine.

Kosa la kitenzi wasomaji wa jarida hili watalitambua mara moja. Katika Kiswahili cha Katanga *kuuza* ni kutoa pesa na kuchukua kitu. Anayetoa kitu na kupokea pesa *anauzisha*. Katika Kiswahili sanifu mambo ni kinyume. Mdogo wangu alinunua Athena's Shield. Utingo alisikia kwamba ameiuza. Mchezo unaruhusu kuuza vifaa, kwa hiyo utingo hakuwa mjinga kuamini hivyo.

Lakini kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo halikuwa la lahaja. Nilipotazama marudio ya mchezo niliona kwamba kinga ya Athena ilikuwa mwilini mwake na ilifanya kazi yake yote. Radi za Eudora zilipungua. Aliyemuua mara zote za mwisho alikuwa Karrie, na mapigo ya Karrie hayakuhusika na kinga ile hata kidogo. Nilikuwa nimesema "nunua kinga" bila kusema kinga ya nini.

Makala haya ni jibu la swali hilo. Sikulitafuta kwenye mchezo mmoja tu, kwa kuwa League of Legends ya kampuni ya Riot Games (2009) na Dota 2 ya Valve (2013) zina kanuni zilezile za msingi, na mifano yake mingine ni myepesi kueleza.

Swali la kwanza: madhara ni ya aina gani?

Baba yangu alifanya kazi kiwandani Shituru, mahali shaba inapotolewa kwenye mawe kwa msaada wa asidi. Kofia ngumu ilimkinga na kitu kinachoanguka. Glavu zilimkinga na asidi. Barakoa ilimkinga na hewa mbaya. Hakuna aliyesema kofia ni bora kuliko barakoa. Kila mtu aliuliza leo anaingia sehemu gani ya kiwanda.

Michezo hii imejengwa hivyo hivyo. Madhara, yaani kila kinachopunguza uhai wa shujaa, yamegawanywa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni madhara ya mwili: upanga, risasi, mshale, ngumi. Hupunguzwa na kinga ya mwili.

Aina ya pili ni madhara ya uchawi: moto, radi, barafu, sumu, laana. Hupunguzwa na kinga ya uchawi.

Aina ya tatu haipunguzwi na kinga yoyote kati ya hizo mbili. Jina lake lilinisumbua. League of Legends kwa Kiingereza huyaita madhara "ya kweli", na mdogo wangu aliwahi kuniuliza kama basi yale mengine ni ya uongo. Dota 2 huyaita "safi", jina linalofanya watu wafikirie usafi. League of Legends ya Kifaransa inasema *dégâts bruts*, na hapo ndipo mtu wa Likasi anaelewa bila kuelezwa. Ni madhara ghafi. Madini ghafi ni yale ambayo hayajapita kiwandani. Madhara ghafi ni yale ambayo hayapiti kwenye kinga. Yanaingia kama yalivyotoka. Nitatumia jina hilo hadi mwisho.

Sasa kinga inapunguza kiasi gani? League of Legends ina hesabu rahisi kukumbuka. Chukua 100, igawe kwa 100 ukijumlisha na kinga yako. Sehemu inayopatikana ndiyo inayokufikia. Tuseme pigo la mwili ni 300 na wewe una uhai 3,000.

Bila kinga, pigo linakufikia lote, 300. Utaanguka kwa pigo la 10.

Ukiwa na kinga ya mwili 50, linakufikia 200. Utaanguka kwa pigo la 15.

Ukiwa na kinga 100, linakufikia 150. Utaanguka kwa pigo la 20.

Ukiwa na kinga 200, linakufikia 100. Utaanguka kwa pigo la 30.

Watu wengi husoma safu ya kwanza tu na kusema: "Kinga 100 za mwanzo zimeniokolea 150, kinga 100 zilizofuata zimeniokolea 50 tu, basi kinga inapungua thamani." Soma safu ya pili. Kila kinga 50 imekuongezea mapigo matano ya kuishi, mwanzoni na mwishoni vilevile. Mobile Legends nayo inafuata namna hii ya hesabu, ingawa tarakimu zake si hizi.

Sasa mrudishe mdogo wangu kwenye jedwali. Ana kinga ya uchawi 100, na anayempiga anatumia madhara ya mwili. Yuko mstari wa kwanza, ule wa "bila kinga". Dhahabu aliyotumia haimo kwenye hesabu hii. Kama pigo ni ghafi, mistari minne yote inakuwa mmoja: mapigo 10, iwe umevaa nini.

Ndiyo maana uhai mtupu nao ni kifaa. Mtu akipanda kutoka uhai 3,000 hadi 4,000, anapata nafasi zaidi mbele ya aina zote tatu, zikiwemo ghafi. Kinga inasaidia sana upande mmoja. Uhai unasaidia kwa kiasi pande zote. Na ukiwa na vyote viwili, vinazidishana: kila tone la uhai linalindwa na kinga.

Wapo pia wanaonunua vifaa vya kupenya kinga. Katika Mobile Legends, Malefic Roar hupenya kinga ya mwili na Divine Glaive hupenya kinga ya uchawi. Tuseme kifaa kinapuuza asilimia 40 ya kinga ya adui. Adui mwenye kinga 200 anabaki na 120, na lile pigo lililokuwa 100 linakuwa kama 136. Adui mwenye kinga 50 anabaki na 30, na pigo la 200 linakuwa kama 231. Wa kwanza ameumia zaidi kwa theluthi nzima na kidogo. Wa pili kwa asilimia 15 hivi. Kwa hiyo kifaa hiki hununuliwa adui anapokuwa amevaa kinga nyingi. Na kwa shujaa ambaye madhara yake ni ghafi, kupenya hakumsaidii katika pigo hilo, kwa sababu hakuna cha kupenya.

Swali la pili: madhara yanabebwa na nini?

Hapa wengi huchanganya. Aina ya madhara ni jambo moja. Njia yanayofikia ni jambo jingine. Shujaa anaweza kupiga kwa shambulio la kawaida, lile linalojirudia bila kikomo, au kwa ujuzi wake maalumu, unaohitaji muda kabla ya kutumika tena. Athari nyingi za vifaa huangalia njia, si aina.

Mfano ni Blade Armor katika Mobile Legends. Huongeza kinga ya mwili, na mtu akikupiga kwa shambulio la kawaida, naye anaumia. Sehemu ya kinga inafanya kazi dhidi ya madhara yote ya mwili. Sehemu ya kulipiza inaamka kwa shambulio la kawaida tu. Mpiganaji anayekukata kwa ujuzi wake, hata kama ni madhara ya mwili matupu, hatarudishiwa kitu. Ni kifaa kimoja chenye athari mbili, na kila athari ina sharti lake.

Kulipiza kwenyewe kuna aina yake. Katika League of Legends, Thornmail humrudishia mshambuliaji madhara ya uchawi. Mpiganaji aliyevaa kinga ya mwili tele anakupiga kwa upanga, kisha anashangaa uhai wake unayeyuka: alichorudishiwa hakipiti kwenye kinga aliyoinunua. Katika Dota 2, Blade Mail hurudisha madhara kwa aina ileile iliyopokelewa. Mchawi aliyepiga kwa uchawi atarudishiwa uchawi. Maelezo ya vifaa hivi viwili yanafanana kwa haraka, kwamba "hurudisha madhara", lakini matokeo ni tofauti.

Tena, usidanganywe na silaha iliyo mkononi mwa shujaa. Teemo wa League of Legends anapuliza vishale. Kishale ni madhara ya mwili, sumu iliyopakwa juu yake ni madhara ya uchawi, na vyote vinafika kwa shambulio moja la kawaida. Aliyenunua kinga ya mwili kwa sababu "yule anarusha mishale" amejikinga na nusu ya jambo.

Swali la tatu: madhara yanapimwa kwa nini?

Pigo linaweza kupimwa kwa nguvu ya anayepiga, au kwa uhai wa anayepigwa. Kipimo si aina.

Demon Hunter Sword ya Mobile Legends huongeza kwenye shambulio la kawaida madhara yanayopimwa kwa asilimia ya uhai alio nao adui wakati huo. Wengi huamini kwamba kila kinachotajwa kwa asilimia kinavuka kinga. Hapana. Asilimia inasema ukubwa wa pigo kabla ya kinga; madhara yenyewe ni ya mwili, kwa hiyo kinga ya mwili itayapunguza kama kawaida. Na kwa kuwa yanapimwa kwa uhai uliopo, yanakuwa makubwa adui anapokuwa mzima na madogo anapokaribia kuanguka.

Karrie ni tofauti kwa yote mawili. Akimgonga mtu yuleyule mara kadhaa mfululizo, alama zinajaa na kulipuka, na mlipuko huo unapimwa kwa uhai wote kamili wa anayepigwa, tena ni madhara ghafi. Soma polepole uone mtego aliowekewa Tigreal. Kinga ya uchawi haisaidii, kwa kuwa si uchawi. Kinga ya mwili inapunguza zile risasi za kawaida, lakini haigusi mlipuko. Na uhai mwingi, ambao nimeusifu hapo juu, unaongeza ukubwa wa mlipuko wenyewe. Dawa ya Karrie haimo katika kinga peke yake. Ni kumkatiza asiendelee kukugonga, kumkaribia kabla alama hazijajaa, au kumuua kwanza. Yaani ni kazi ya timu nzima, na timu yetu ilikuwa imerudi nyuma kwa sababu ya kitenzi.

Athari isiyokuja peke yake

Kuna vifaa vinavyokupa upande mmoja na kukunyang'anya upande mwingine. Ghost Scepter ya Dota 2 humgeuza shujaa kuwa kama mzuka kwa sekunde chache. Mwenye upanga hawezi kumpiga tena, lakini naye hawezi kupiga kwa silaha, na madhara ya uchawi yanamuumiza zaidi ya kawaida. Kuitumia mbele ya mpiganaji ni wokovu. Kuitumia mbele ya mchawi ni kumkabidhi shingo. Wind of Nature katika Mobile Legends nayo humfanya shujaa asidhurike kwa madhara ya mwili kwa muda mfupi sana. Uchawi na madhara ghafi vinaendelea kupita.

Swali la "kifaa kipi ni bora?" linaulizwa kila siku, na namna hii halina jibu. Linafanana na kuuliza kiambishi kipi ni bora, *wa-* au *vi-*. *Watu wazuri* ni sahihi, *vitabu vizuri* ni sahihi. Ukitenganisha kivumishi na nomino yake huwezi kusema kama ni sahihi au la. Athari ya kifaa inapatana na aina ya madhara kama kivumishi kinavyopatana na ngeli. Athena's Shield mbele ya Eudora ni upatanisho mzuri. Mbele ya Karrie ni sentensi iliyovunjika, ingawa kila neno lake ni zuri.

Ningependa pia mtu asishike sana tarakimu. Watengenezaji hubadilisha nguvu za vifaa mara kwa mara, na kilichokuwa 40 leo kinaweza kuwa 35 mwezi ujao. Mpangilio wa maswali matatu hautegemei tarakimu.

Karatasi moja ya Kiswahili

Tumezoea nyumbani kwamba Kiswahili ni cha kuongea na Kifaransa ni cha kueleza. Maelezo ya vifaa kwenye simu zetu tunayasoma kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha vitani tunapigiana kelele kwa Kiswahili, na katikati ya lugha hizo aina ya madhara inapotea njiani. Mimi nilisoma maneno kumi na mawili, nikayatafsiri kwa matatu: "Nunua kinga, wewe!"

Niliandika karatasi moja. Juu yake kuna aina tatu: ya mwili, ya uchawi, ghafi. Chini yake njia mbili: shambulio la kawaida, ujuzi. Chini yake vipimo vitatu: nguvu ya anayepiga, uhai uliopo, uhai kamili. Mwisho nikaandika kwamba vitani tutasema *nimenunua* na *nimetoa*, na kitenzi *kuuza* hakitatumika na yeyote hadi mchezo uishe. Nilipeleka karatasi hiyo Kikula mwenyewe, na nikasema wazi mbele ya wale vijana kwamba mdogo wangu alifuata ushauri wangu, na ushauri wenyewe haukukamilika. Utingo alikuwa ameshaondoka kuelekea Kasumbalesa. Tulimtumia picha ya karatasi. Alijibu kwa sauti ya kucheka: kwao mtu akisema ameuza, ameuza, lakini sasa ameelewa.

Mdogo wangu amerudishwa kwenye timu. Hatushindi kila mara. Juzi umeme ulikatika na simu mbili zikazimika kabla ya mwisho. Lakini nikisahau na kupaza sauti "nunua kinga", hanunui. Anasimamisha kidole juu ya simu na kuuliza:

"Yaya, kinga ya nini?"

Na inanibidi kuangalia nani anatupiga, kwa njia gani na kwa kipimo gani, kabla sijamjibu.